Idhaa za Kivulini: Juu ya Televisheni ya Maharamia

Neno uharamia, likitajwa katika mambo ya utangazaji, huleta moyoni picha ya meli iliyotia nanga nje ya mipaka ya bahari ya nchi fulani, ikirusha muziki kuelekea pwani ya watawala wasioweza kuikamata. Meli hizo zilikuwako, hasa katika Bahari ya Kaskazini miaka ya 1960, na habari zake zimeandikwa hata zimechakaa. Televisheni ya maharamia haina sifa kama hiyo. Ni adimu kwa sababu ni ngumu. Mrushaji wa redio ana sauti peke yake ya kutunza, lakini mrushaji wa televisheni hana budi kuongoza sauti na picha pamoja, kila moja kwa wimbi lake. Na picha yenyewe hugawanywa kuwa mistari mamia inayochorwa upya mara nyingi katika kila sekunde. Mistari ikikosa kwenda kwa wakati wake, uso wa msemaji hupinda kama uso uliotazamwa katika maji yaliyotikiswa. Kwa hiyo mtu aliyejiundia idhaa ya televisheni nyumbani bila leseni hutajwa kuwa ni fundi mwerevu au ni mkorofi, kisha hadithi yake huishia hapo. Kile alichokitangaza hakiulizwi.

Katika insha hii nataka kukiuliza. Dai langu ni kwamba idhaa hizi zina utanzu wao, na kwamba utanzu huo hauwezi kupimwa kwa kipimo cha televisheni kubwa. Zikipimwa hivyo zitaonekana kuwa televisheni mbovu, na mwenye kusema hivyo hatakuwa amesema uongo. Kipimo kinachozifaa kiko karibu nasi zaidi, nacho ni malumbano. Msomaji anayezijua kurasa za mashairi katika magazeti yetu ya zamani, mathalani Mambo Leo lililoanza kutolewa mwaka 1923, ajua kuwa shairi lililoletwa pale halikuhesabiwa kuwa limekwisha siku lilipochapishwa. Lilingoja jibu. Mtunzi alitega, mwingine akategua, wa tatu akaja kuwakosoa wote wawili kwa vina na kwa hoja, na uzuri wa jambo lote ulikuwa katika mwendo huo wa kwenda na kurudi. Mhakiki aliyechukua shairi moja tu katikati ya malumbano na kulipima peke yake alikuwa kama mtu aliyesikiliza upande mmoja wa baraza.

Mfano wangu mkubwa ni Lanesville, kitongoji kidogo katika milima ya Catskill, jimbo la New York, Marekani. Hapo, tangu Machi 1972 hadi mwaka 1977, kundi la vijana kumi hivi waliojiita Videofreex walirusha televisheni bila leseni kutoka katika nyumba yao, nyumba kubwa ya mbao ambayo zamani ilikuwa ya kupangisha wageni. Inasemwa kuwa ndiyo idhaa ya kwanza ya televisheni ya maharamia nchini humo. Walitangaza vipindi zaidi ya 250.

Yafaa kueleza walivyofika huko, kwa kuwa safari yao yaifafanua kazi yao. David Cort na Parry Teasdale walikutana Agosti 1969 katika tamasha la Woodstock, kila mmoja akiwa na kamera ya video ya kubebeka, chombo kilichokuwa kigeni kabisa wakati huo. Wenzao wengi walielekeza macho jukwaani. Wao walielekeza kamera kwa watu waliokaa matopeni. Miezi michache baadaye shirika kubwa la CBS liliwapa fedha na vyombo watengeneze kipindi juu ya vijana wa Marekani. Walizunguka nchi nzima. Mjini Chicago walimhoji Fred Hampton, kiongozi wa Black Panther aliyekuwa na umri wa miaka 21, na majuma machache tu baadaye, tarehe 4 Desemba 1969, Hampton aliuawa kwa risasi za polisi akiwa kitandani. Mwezi huohuo Videofreex waliwaonyesha wakubwa wa shirika kipindi chao kilichoitwa Subject to Change. Kilikataliwa. Mimi siwezi kuwalaumu wakubwa hao kwa yote, maana kipindi kilifanywa ovyo ovyo kwa makusudi. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba maneno ya kijana aliyekwisha kuuawa hayakupata nafasi katika shirika lililokuwa limegharimia kuyanasa.

Hivyo kundi hili lilijifunza mapema kwamba kamera mkononi si kitu bila njia ya kupeleka picha kwa watu. Njia ilipatikana kwa mlango wa vitabu. Abbie Hoffman, mchochezi maarufu wa siku hizo, alikuwa akiandika kitabu chake cha Steal This Book, kilichotoka mwaka 1971, akataka sura juu ya kurusha televisheni bila ruhusa. Videofreex wakamsaidia, naye akawasaidia kupata mtambo mdogo wa kurushia. Mtambo huo waliuchukua walipohamia Lanesville mwaka 1971, ambako Chuck Kennedy, fundi wao, aliufanya utii.

Kwa nini Lanesville? Hapa twafika kwenye kiini. Mawimbi ya televisheni ya siku hizo yalikwenda moja kwa moja, karibu sawa na nuru. Mlima ukisimama njiani, nyuma yake huwa na kivuli. Bonde la Lanesville lilikuwa ndani ya kivuli hicho. Picha za idhaa kubwa zilifika dhaifu, au hazikufika. Chaneli 3, ambayo nchini Marekani hukaa baina ya megahezi 60 na 66, ilikuwa wazi pale bondeni kama shamba lisilolimwa. Na milima ileile iliyozuia mawimbi ya mjini yasiingie iliyazuia mawimbi ya Videofreex yasitoke, hata yasimkere mwenye leseni yeyote nje ya bonde. Jiografia iliwapa ukumbi wenye kuta nne.

Sasa ndani ya ukumbi huo palitangazwa nini? Aghalabu mambo madogo: watoto wa jirani wakiigiza hadithi ya wachunga ng'ombe wa Magharibi, habari za barabara, mahojiano na wazee, mzaha juu ya chombo kilichotua kutoka mbinguni. Namba ya simu ilitolewa hewani, na simu ikilia, mpigaji alisikika katika kipindi kilekile, pengine akisema tu kwamba picha kwake inafika vizuri, au haifiki. Mtu aweza kucheka. Televisheni inayotumia dakika zake kuuliza kama inaonekana! Lakini nasisitiza kuwa maswali hayo ndiyo yaliyokuwa sanaa yenyewe. Katika televisheni kubwa ya wakati ule mtazamaji alihesabiwa na kuuzwa kwa watangazaji wa biashara, wala hakujibu. Katika bonde hili yeye alikuwa sehemu ya mtambo. Bila yeye kupiga simu, fundi hakujua kama antena imeelekea sawasawa. Bila maneno yake, mtangazaji hakujua aseme nini baada ya hapo. Walijipa jina la kuchekesha la idhaa iliyo ndogo kuliko zote Marekani, wakaongeza neno "labda", na katika neno hilo naona adabu ambayo idhaa kubwa hazikuwa nayo.

Upo upande mwingine wa kazi yao ambao wanafunzi wa fasihi hawaupi haki yake, nao ni kitabu cha ufundi. Mwaka 1973 walichapisha The Spaghetti City Video Manual, mwongozo wa kutumia na kutengeneza mashine za video, wenye michoro ya mkono ya Ann Woodward. Kitabu kimeandikwa kwa lugha nyepesi, kwa mtu asiyesomea umeme, na ndani yake nyaya zilizosokotana kama tambi huelezwa pasipo dharau na pasipo vitisho. Ninakitaja kwa sababu watengenezaji wa mashine waliuza pamoja na mashine zao hali ya kutojua: kifaa kikiharibika, mwenye nacho sharti akirudishe kwa fundi wa kampuni. Kufundisha jirani kufungua boksi, kusafisha kichwa cha kunasia, na kuijua waya iliyokatika, ilikuwa ni kumpa kalamu pamoja na ruhusa ya kuichonga. Mtu asiyeweza kuchonga kalamu yake huandika kwa hisani ya mwingine.

Kanda iliyo bora kwa maoni yangu ni Harriet, iliyofanywa na Nancy Cain mwaka 1973. Ni fupi. Yamwonyesha mama mmoja wa Lanesville, mkaaji wa nyumba ya aina ya behewa, katika kazi zake za kila siku: watoto, vyombo, nguo, tena watoto. Kamera haimhurumii wala haimpambi. Kisha, bila onyo, kanda yabadilika. Mama afungasha mzigo wake, aingia garini, aiacha nyumba, aenda zake barabarani kwa furaha. Mtazamaji mgeni hujiuliza kama ametoroka kweli. Hakutoroka; kuondoka huko kulibuniwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwigizaji wa kuondoka kwake.

Ikiwa kanda hii ingeonyeshwa katika jumba la sanaa mjini New York peke yake, ingekuwa ni hadithi ya mnyonge iliyosimuliwa kwa wenye nafasi. Thamani yake yategemea mahali ilipotangazwa. Waliokuwa wakiitazama ni majirani zake, walioijua nyumba ile, waliowajua wale watoto kwa majina, ambao kesho yake wangekutana naye dukani. Mbele ya hadhira kama hiyo, kuigiza kuwa unaondoka ni kusema neno ambalo katika mazungumzo ya kawaida haliwezi kusemwa. Washairi wa kike wa pwani yetu walikuwa na njia yao ya kulisema jambo la namna hiyo, kwa fumbo, arusini au ngomani, mbele ya walengwa wenyewe. Harriet hana fumbo; ana gari. Lakini hatari ni ileile, kwa kuwa msemaji hawezi kujificha nyuma ya umbali. Televisheni kubwa yaweza kumwonyesha mama elfu moja wa namna hiyo na asiwepo hata mmoja aliyehatarisha kitu.

Baada ya sifa hizo ni wajibu kutaja kasoro, maana sizioni kuwa ndogo. Kwanza, kanda nyingi ni ndefu kuliko mambo yaliyomo. Kamera ya video, tofauti na filamu, ilikuwa na utepe wa bei nafuu, na unafuu huo uliwafanya wasahau kukata. Pili, mzaha wao mara nyingi ulikuwa mzaha wa wao kwa wao, wa vijana wa mjini wenye elimu, na jirani aliutazama kama mtu anavyotazama karamu dirishani. Tatu, na hili ndilo zito, waliishi kwa sehemu kubwa kwa ruzuku ya baraza la sanaa la jimbo la New York. Uharamia unaogharimiwa na serikali ya jimbo ni uharamia wa ajabu. Sisemi haya kuwaumbua. Nasema kwa kuwa ruzuku ilipopungua na kundi likatawanyika, idhaa ilikufa pia, na hakuna mwenyeji wa bonde aliyeushika mtambo. Malumbano yalikuwa yakienda na kurudi, ni kweli, lakini mwenye kutega alikuwa ni yuleyule kila mara.

Kivuli cha pili nitakacholeta ni cha Italia, nacho hakikufanywa na mlima. Katika mtaa wa Via Orfeo, mjini Bologna, tarehe 21 Juni 2002, kundi la watu akiwamo Franco Berardi, aliyewahi kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Radio Alice mwaka 1976, walianza kurusha OrfeoTV kwa kikuza nguvu, antena na vyombo vya kawaida vya nyumbani, vitu vyenye thamani ya kama yuro 1,000. Mawimbi yao yalifika mita mia mbili hivi. Walitafuta chaneli ambayo mwenye leseni alikuwa nayo kwa karatasi, lakini kwa sababu ya majumba na vilima picha yake haikufika mtaani pale; katika pengo hilo wakaingia. Wenyewe waliita mahali hapo pia kwa jina la kivuli. Muda si muda mitaa na miji mingine ikafuata, na jumla yake ikaitwa Telestreet.

Mwenye kuzuru kisa hiki juu juu atasema ni Lanesville nyingine. Sivyo, kwa kuwa Italia ilikuwa na historia ambayo Lanesville haikuwa nayo. Mwaka 1971 Peppo Sacchi, aliyekuwa ameifanyia kazi televisheni ya taifa, alianzisha Telebiella katika mji wa Biella, akiandikisha idhaa yake ya waya kana kwamba ni gazeti, kwa hoja kuwa Ibara ya 21 ya Katiba ya mwaka 1948 yampa kila mtu haki ya kutoa mawazo yake kwa neno, kwa maandishi, na kwa njia nyinginezo. Mwaka 1973 serikali iliamuru waya ukatwe, nao ukakatwa. Kesi zikaenda Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 1974 iliruhusu televisheni za waya za mahali mahali, na mwaka 1976 ikaruhusu za hewani pia, mradi zisivuke eneo lao. Haramia alikuwa ameshinda.

Na baada ya ushindi? Waliokuwa na nguvu ya kulijaza pengo hilo hawakuwa akina Sacchi. Silvio Berlusconi, mjenzi wa nyumba, alikuwa na televisheni ya waya ya kitongoji alichokijenga karibu na Milano. Mwaka 1980 ikawa Canale 5. Sheria ilimkataza kutangaza nchi nzima, basi akapeleka kanda zilezile kwa idhaa za mahali mahali zitangazwe saa moja. Kila idhaa ilikuwa ndogo kisheria, na zote pamoja zilikuwa sauti moja. Mahakimu katika miji kadhaa walipozima picha zake Oktoba 1984, serikali ya Craxi ilitoa amri ya kuziwasha tena katika siku chache. Mwaka 2001 mtu huyo akawa waziri mkuu kwa mara ya pili, akiwa na chaneli tatu za taifa mkononi na kauli juu ya zile za umma.

Kwa hiyo watu wa Via Orfeo walikuwa wakimjibu mtu aliyepita katika mlango uliovunjwa na maharamia wa kwanza. Hapa ndipo kipimo cha malumbano kinaponifaa zaidi. Waliodai miaka ya 1970 kwamba kinachohitajika ni uhuru wa kurusha walisahau nusu ya jambo. Berlusconi naye alitaka uhuru wa kurusha. Kilichomtofautisha na Telebiella ni kwamba mawimbi yake hayakungoja jibu. OrfeoTV, kwa kuwa na mita mia mbili tu, haikuweza kufanya hivyo hata kama ingetaka: mtazamaji wake angeweza kushuka ngazi, kuvuka njia na kuingia studioni kabla kipindi hakijakwisha. Ufupi wa wimbi, ambao wahakiki wengi huuhesabu kuwa umaskini, ulikuwa ndio katiba ya idhaa.

Jambo hili lilionekana vizuri zaidi Senigallia, mji wa pwani, ambako idhaa ya mtaa iliyoitwa Disco Volante ilifanywa na watu ambao baadhi yao walikuwa walemavu. Walipiga picha za ngazi na vizingiti vya mji wao wenyewe na kuwaonyesha wakazi wale wale waliovipita kila siku bila kuviona. Mwaka 2003 wakuu wa serikali waliifunga. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Ilaria Alpi, iliyopewa jina la mwandishi wa habari wa Italia aliyeuawa Mogadishu mwaka 1994. Mtu ataona ajabu kwamba kipindi juu ya ngazi za mjini kiwekwe chini ya jina la mwandishi aliyefia vitani. Mimi sioni ajabu. Zote mbili ni kazi za kwenda mahali ambapo picha hazijafika.

Nchini Marekani mambo yalikwenda kwa utaratibu zaidi, na pengine kwa huzuni zaidi. Parry Teasdale aliitwa na tume ya mawasiliano ya serikali kutoa ushauri, haramia wa jana akawa mshauri wa sheria, na mwaka 1982 zikaruhusiwa rasmi televisheni za nguvu ndogo. Maombi yalikuja kwa maelfu, mengi yakiwa ya makampuni yaliyotaka kuunganisha idhaa ndogo ziwe mtandao mmoja mkubwa. Hila ileile ya kanda za Milano, safari hii ikiwa na muhuri. Sheria iliweza kupima wati. Haikuwa na chombo cha kupimia kama simu hulia.

Najua nitaambiwa kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa leo kijana mwenye simu ya mkononi hurusha picha zake duniani kote bila mlingoti wala mashaka, na vivuli vya mawimbi ya zamani havipo tena: Italia ilizima televisheni ya analogi mwaka 2012. Ni kweli kwamba ugumu wa ufundi umeondoka. Lakini kijana huyo hajui nani amemtazama ila kwa hesabu anayopewa na mwenye mtandao, na majibu anayopata huchaguliwa na mashine isiyoishi mtaani kwake. Ana wimbi refu kuliko la Berlusconi, na hana ukumbi. Sioni kwa nini tumhesabu kuwa mrithi wa Lanesville kwa sababu tu kamera yake ni ndogo.

Kanda za Videofreex zimehifadhiwa Chicago, katika hazina ya Video Data Bank, nyingi zikiwa zimesafishwa na kunakiliwa upya, na mwaka 2015 ilitoka filamu juu yao iliyowarudisha tena katika mazungumzo ya wasomi. Mwanafunzi aendaye kuzitazama ataketi peke yake mbele ya kioo, na picha nyeusi na nyeupe zitapita, baadhi zikitetemeka kama zilivyotetemeka siku ile. Simu ikilia ndani ya kanda, yeye atanyamaza na kumsikiliza jirani asiyemjua akieleza jinsi picha inavyofika kwake.